"Wamekamata": maana ya impound, seize, confiscate na forfeit kwenye karatasi za serikali

Askari akichukua pikipiki yako Bwera, mzigo wako wa vitenge Mpondwe au nyavu zako Kasenyi, jirani atakuambia neno moja tu: "Wamekamata." Kwa mazungumzo ya njiani, neno hilo linatosha. Lakini karatasi utakayopewa itaandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha ofisi kina maneno manne au matano mahali ambapo sisi tunatumia hilo moja. Maana zake hazilingani. Neno moja linakuambia kwamba kitu kitarudi ukikamilisha jambo fulani. Jingine linakuambia kwamba una mwezi mmoja wa kudai. Jingine linakuambia kwamba kitu si chako tena.

Watu wengi hupoteza mali kwa sababu hawakujua ni neno gani liliandikwa, na siku zikapita. Makala haya yanaeleza maneno hayo, mahali utakapokutana nayo katika wilaya ya Kasese, na hatua za kuchukua kwa kila moja. Yanawahusu wakimbizi na wenyeji pia, kwa sababu mbele ya sheria hizi mtumbwi ni mtumbwi, awe mwenyewe amezaliwa Kasenyi au amevuka kutoka Congo. Makala hayachukui nafasi ya wakili. Kama mali yako ni kubwa au umefunguliwa kesi, tafuta msaada wa sheria mapema.

MANENO KWA KIFUPI

Impound: kuzuilia. Ofisi imechukua kitu na kukiweka mahali pake, mara nyingi kwenye uwanja wa kituo. Bado ni mali yako. Kitarudi ukitimiza sharti, kwa mfano kulipa faini, kuleta bima au kuonyesha kibali.

Detain: kushikilia kwa muda. Kwa mali, maana yake ni kwamba ofisa anataka kukagua au kuuliza kwanza kabla ya kuamua. Kwa mtu, maana yake ni kuwekwa kizuizini.

Seize: kukamata kwa nguvu ya sheria. Ofisa anasema kitu hiki kinahusika na kosa. Uamuzi wa mwisho bado haujatolewa, lakini siku za kujitetea zimeanza kuhesabiwa.

Confiscate: kutwaa. Serikali au mahakama imekichukua kitu kama adhabu au kwa sababu kimekatazwa. Kwa kawaida hakirudi.

Forfeit: kupoteza haki ya kitu. Hili linatazama upande wa mwenye mali. Kitu kimekuwa cha serikali kwa sababu ya kosa, au kwa sababu mwenyewe hakudai kwa wakati.

Kama umetoka Congo na umesoma Kifaransa, una daraja tayari. "Saisir" inakaribiana na seize, na "confisquer" inakaribiana na confiscate. Gari lililopelekwa "fourrière" ndilo ambalo Uganda watasema limekuwa impounded. Ukimpata mkalimani anayetumia "kukamata" kwa kila kitu, mwombe akuambie neno lenyewe lililo kwenye karatasi.

IMPOUND: NENO LILILOTOKA ZIZINI

Ndani ya impound kuna neno "pound". Hapa si pauni ya fedha, bali zizi. Zamani, katika vijiji vya Uingereza, mnyama aliyeingia shamba la mtu alipelekwa kwenye zizi la kijiji. Mwenye mnyama alikuja, akalipa hasara na gharama ya kutunza, akamchukua mnyama wake. Hakuna aliyesema mnyama amebadilisha mwenyewe.

Maana hiyo ndiyo iliyobaki hadi leo. Kitu kilicho "impounded" kinasubiri mwenyewe aje atimize sharti, kwa hiyo swali la kuuliza ni "Nifanye nini ili nikichukue?" Ukienda kituoni kulia kwamba umenyang'anywa mali, ofisa hatakuelewa vizuri. Ukiuliza sharti ni lipi, unaongea lugha yake.

Katika Kasese neno hili bado linatumika kwa mifugo kama lilivyoanza. Hifadhi ya Queen Elizabeth imepakana na vijiji vya wafugaji na kuvizunguka vijiji vya wavuvi, Kasenyi kikiwa kimoja kati yao. Kulisha mifugo ndani ya hifadhi bila ruhusa ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, na ng'ombe wanaokutwa ndani huweza kuzuiliwa na askari wa Mamlaka ya Wanyamapori, yaani UWA. Jambo hili lina historia nzito hapa. Mwaka 2006 wafugaji Basongora walitolewa na ng'ombe wao katika hifadhi ya Virunga upande wa Congo, wakavuka na kuingia Queen Elizabeth. Mwaka uliofuata serikali ya Uganda iliwatafutia ardhi nje ya hifadhi, hapa hapa Kasese. Kwa mfugaji, tofauti kati ya ng'ombe "impounded" na ng'ombe "confiscated" ni tofauti kati ya faini na kufilisika.

Ng'ombe wako wakizuiliwa, nenda upesi, tena nenda na mwenyekiti wa LC1 anayeijua mifugo yako. Hesabu wanyama mbele ya ofisa, taja rangi na alama zao, na omba idadi iandikwe. Mnyama anakula kila siku na anaweza kuugua au kufa. Kila siku unayochelewa inaongeza gharama na ubishi.

BARABARANI: PIKIPIKI NA MAGARI

Hapa ndipo wengi wanakutana na impound kwa mara ya kwanza. Polisi wa barabarani huweza kuzuilia pikipiki kwa sababu dereva hana leseni ya udereva, bima ya lazima imekwisha, chombo ni kibovu kiasi cha kuhatarisha watu, au kimepata ajali na kinasubiri kukaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi.

Kila sababu ina njia yake ya kutokea, kwa hiyo usiondoke kabla hujaambiwa sababu. Kama ni bima, utakata bima. Kama ni faini, utalipa faini. Kama ni ajali, kulipa hakutasaidia mpaka ukaguzi ufanyike.

Malipo ya serikali nchini Uganda hufanywa kwa namba ya malipo, inayojulikana kama PRN, kupitia benki au simu. Mtu akikuambia umpe fedha mkononi ili pikipiki itoke, hiyo si faini, na hutapata karatasi ya kuthibitisha kwamba ulilipa. Ukisimamishwa tena kesho kwa kosa lile lile, huna cha kuonyesha.

Jambo la pili ni jina. Mkimbizi mara nyingi hununua pikipiki na kuiacha kwenye jina la aliyeiuza au la rafiki Mganda. Siku zikiwa nzuri hakuna tatizo. Siku pikipiki inapozuiliwa, ofisa atataka kadi ya chombo na mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi hiyo. Kama mtu huyo amehama, amekufa au mmekosana, wewe uliyelipa fedha zote unaonekana kama dereva tu. Andikeni makubaliano ya mauziano siku ya kununua, mbele ya mashahidi na LC1, na mbadilishe jina kwenye kadi mara mtakapoweza.

Usichanganye pia impound na "repossess". Neno hili la pili linahusu kampuni au mtu aliyekukopesha pikipiki na kuichukua tena kwa sababu hukulipa awamu. Huyo si serikali. Haki zako ziko ndani ya mkataba mliosaini, na kituo cha polisi si mahali pa kulipia deni lake.

MPAKANI: HAPA SEIZE INA TAREHE YA MWISHO

Katika forodha ya Mpondwe, maneno haya yana uzito kuliko mahali pengine popote, kwa sababu sheria imeyapa siku. Sheria inayotumika ni ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na kwa Uganda inatekelezwa na Mamlaka ya Mapato, yaani URA.

Tazama hali mbili zinazofanana kwa macho lakini si sawa kisheria.

Hali ya kwanza: mzigo umewekwa kwenye ghala la forodha kwa sababu hujakamilisha ushuru au karatasi. Hujashtakiwa kosa. Lakini mzigo usipoondolewa ndani ya siku 30, URA inaweza kutoa tangazo. Baada ya tangazo kuna siku nyingine 30. Zikipita hizo, mzigo unahesabiwa kuwa umetelekezwa na unaweza kuuzwa kwa mnada wa hadhara.

Hali ya pili: mzigo ume-"seized". Hapa ofisa anasema bidhaa zenyewe zinaweza kutwaliwa kwa sababu ya kosa, kwa mfano zimepitishwa njia ya panya, zimefichwa au zimekatazwa kuingia. Kama ulikuwepo wakati wa kukamatwa, unahesabiwa kuwa unajua. Kama hukuwepo, ofisa anapaswa kukupa taarifa ya maandishi pamoja na sababu ndani ya mwezi mmoja. Na wewe una mwezi mmoja, tangu siku ya kukamatwa au tangu taarifa hiyo, kuandika kwamba unadai mali yako. Usipoandika, mali inahesabiwa kuwa imehukumiwa, na hapo neno linabadilika na kuwa forfeited.

Wafanyabiashara wadogo wengi huumia hapa. Wanakwenda forodhani kila wiki, wanaongea vizuri na maofisa, wanaambiwa "rudi Jumatatu", wanarudi, na mwezi unakwisha bila wao kuandika mstari hata mmoja. Kurudi kila wiki si kudai. Kudai ni maandishi.

Barua haihitaji Kiingereza kizuri. Inatosha kuandika: "I am the owner of the goods seized at Mpondwe on (tarehe). I claim the goods." Maana yake ni kwamba wewe ndiye mwenye bidhaa zilizokamatwa siku hiyo na unazidai. Ongeza orodha ya bidhaa, jina lako, namba ya kitambulisho na simu. Toa nakala mbili. Acha moja ofisini, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo.

Kama uamuzi wa ofisa unaona si sahihi, sheria hiyo hiyo inakuruhusu kumwomba Kamishna aupitie upya ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Kamishna naye amewekewa siku 30 za kujibu.

ZIWANI: MTUMBWI, NYAVU NA SAMAKI

Kasenyi iko kwenye ziwa George. Mwenye mtumbwi anahitaji leseni, na mtumbwi unahitaji namba. Zana zilizokatazwa na samaki wachanga vinaweza kukamatwa majini, mwaloni au barabarani. Mwaka 2017 serikali ilipeleka askari wa UPDF kusimamia uvuvi katika maziwa ya Uganda, kikosi kikajulikana kama FPU. Tangu hapo wavuvi wengi nchini wameona mitumbwi ikichukuliwa na nyavu zikichomwa moto.

Ziwani ndiko maneno yanakochanganywa zaidi, kwa sababu katika operesheni moja vitu vitatu huweza kuchukuliwa kwa sababu tatu tofauti.

Mtumbwi usio na leseni ya mwaka huweza kuzuiliwa mpaka jambo la leseni limalizike. Hiyo ni impound.

Injini na nyavu zilizotumika huweza kukamatwa kama kielelezo cha kesi. Hiyo ni seize. Hatima yake itaamuliwa na mahakama.

Nyavu ambazo zenyewe zimekatazwa hazina njia ya kurudi, hata kama ulizinunua dukani kwa fedha halali. Hizo ni confiscate, na mwisho wake ni kuharibiwa.

Kwa hiyo ukiambiwa "vyote vimekamatwa", usikubali kuvizungumzia kama fungu moja. Uliza kimoja kimoja: mtumbwi? injini? nyavu? samaki? Mwenye mtumbwi anaweza kupoteza nyavu na bado akawa na haki ya kuurudisha mtumbwi na injini, ila hakuuliza kwa sababu alidhani yote yamekwisha.

Samaki ni jambo la pekee. Hawawezi kusubiri kesi, kwa hiyo huondolewa mapema. Unachoweza kudai ni maandishi ya aina, uzito na mahali walikopelekwa. Kama baadaye itaonekana hukuwa na kosa, bila maandishi hayo huwezi kueleza ulipoteza nini.

Kwa wakimbizi wanaofanya kazi kama baharia, au "baria" kama tunavyosema mwaloni, kuna hatari nyingine. Mwenye mtumbwi huwa nchi kavu, na wewe ndiye uliye majini operesheni inapofika. Mtumbwi si wako lakini jina litakaloandikwa ni lako. Kabla ya kuingia kazini, muulize mwenye mtumbwi kama leseni ipo na uione kwa macho. Ukikamatwa, sema wazi kwamba wewe ni mfanyakazi na mtaje mwenye chombo. Usisaini maandishi yanayosema wewe ndiye mwenye mtumbwi au nyavu.

Na kama unavua ziwa Edward, kumbuka kwamba maji yamegawanyika kati ya Uganda na Congo. Mtumbwi ukikamatwa upande wa pili, sheria, lugha ya karatasi na mahakama ni za upande huo, na ofisi ya Kasese haiwezi kuuachilia. Toa taarifa mapema kwa viongozi wa mwalo na wa wilaya, maana mazungumzo hayo hufanywa na serikali kwa serikali.

POLISI: KITU KIKIWA KIELELEZO

Polisi wakichunguza kosa, wanaweza kuchukua simu, fedha, panga, au hata baiskeli unayosema ni yako lakini mwingine anasema imeibwa. Kituoni kitu hicho huandikwa kwenye daftari la vielelezo na kupewa namba. Kwa Kiingereza utasikia "exhibit". Muda wa kukirudisha unategemea uchunguzi au kesi, na kulipa faini hakutaharakisha. Omba namba ya kielelezo na namba ya jalada. Kesi ikiisha, omba mahakama itamke kielelezo kirudishwe kwa nani. Wengi huenda nyumbani kwa furaha ya kushinda kesi na kusahau kuomba jambo hilo.

Mtu naye hawi "impounded". Mtu huwa "arrested", yaani amekamatwa, au "detained". Kama umekamatwa pamoja na mali yako, hayo ni mambo mawili na yana njia mbili. Katiba ya Uganda inataka uelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hujaachiliwa. Dhamana ya polisi ni bure. Kuachiliwa kwako hakumaanishi kwamba pikipiki imeachiliwa, na kulipia pikipiki hakumtoi mtu.

KITAMBULISHO CHA MKIMBIZI

Kadi ya mkimbizi na karatasi ya familia si sawa na pikipiki. Ofisa anaweza kukagua kadi, na anaweza kuishika kwa muda kama anashuku ni ya kughushi. Lakini Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 vinatambua haki yako ya kuwa na kitambulisho. Kadi ikichukuliwa, usikae nayo moyoni. Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa ofisi ya Waziri Mkuu, yaani OPM, katika makazi uliyoandikishwa, yawe Rwamwanja, Kyaka II au pengine. Bila kadi, mgao, laini ya simu na safari vyote vinaingia mashakani.

Jambo jingine linatokea kimyakimya: mkopeshaji anashika kadi yako mpaka ulipe. Yeye anaweza kusema amei-"confiscate", lakini neno hilo si lake. Confiscate ni tendo la mwenye mamlaka ya sheria. Kanuni za wakopeshaji fedha za Uganda za mwaka 2018 zinamkataza mkopeshaji kudai au kupokea kitambulisho cha taifa, pasipoti au hati nyingine inayomtambulisha mtu kama dhamana ya mkopo. Deni lako linabaki na unapaswa kulilipa, ila kadi si rehani.

TAHADHARI: REDIO NA MAGAZETI HUCHANGANYA

Katika mazungumzo, hata wenye Kiingereza chao huchanganya maneno haya. Mwalimu husema ame-"confiscate" simu ya mwanafunzi, kisha anairudisha mwisho wa muhula. Gazeti huandika mitumbwi 10 "confiscated" katika kichwa cha habari na "impounded" chini yake. Kwa hiyo usiamue hatima ya mali yako kwa neno ulilosikia redioni au kwa neno alilotamka askari kwa hasira. Neno lenye nguvu ni lile lililo kwenye karatasi iliyosainiwa, na zaidi ya hilo, kifungu cha sheria kilichotajwa. Kama karatasi haina kifungu, uliza ni sheria gani.

MAMBO SITA YA KUULIZA PAPO HAPO

1. Nani? Jina, cheo na ofisi ya aliyechukua. Askari, UWA, URA na ofisa wa uvuvi hawakai ofisi moja.

2. Neno gani? Omba liandikwe: impounded, detained, seized au confiscated.

3. Kwa nini? Sababu na sheria.

4. Nini hasa? Orodha yenye idadi, rangi, namba ya injini au fremu, na hali ya kitu. Pikipiki nzima ikirudi bila betri, orodha ndiyo itakayosema.

5. Wapi? Kituo, ghala au mwalo kitakakowekwa.

6. Mpaka lini, na kwa sharti gani? Hapa andika tarehe mbele ya ofisa.

Kama hupewi karatasi, andika mwenyewe yote haya siku hiyo hiyo, pamoja na saa, mahali na majina ya mashahidi wawili. Usigombane, usimzuie ofisa kwa mwili, na usijaribu kukichukua kitu usiku. Kufanya hivyo kunaongeza kosa jipya ambalo halikuwepo. Na kabla ya siku hiyo kufika, piga picha ya kadi, risiti, namba ya injini na leseni, umtumie mtu unayemwamini.

HAKI YAKO NA MAHALI PA KWENDA

Katiba ya Uganda, kifungu cha 26, inasema mtu hanyang'anywi mali kwa lazima ila kwa mujibu wa sheria, na sheria hiyo lazima imwachie nafasi ya kwenda mahakamani. Kifungu cha 42 kinampa kila anayesimama mbele ya ofisa wa serikali haki ya kutendewa kwa haki, na ya kupeleka uamuzi wa ofisa huyo mahakamani. Vifungu hivyo vinasema "mtu", havisemi "raia". Mkataba wa 1951 nao unampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani. Ukishtakiwa na hujui Kiingereza, mahakama inapaswa kukupa mkalimani bila malipo.

Anza na ofisi iliyochukua kitu, kwa maandishi. Usipojibiwa, panda kwa mkuu wake, kwa mfano mkuu wa polisi wa wilaya. Mwenyeji aanze na LC1, na mkimbizi aliye makazini apitie kiongozi wa RWC na ofisi ya OPM. Unaweza kupiga simu ya bure ya malalamiko ya wakimbizi, 0800 323232. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi Fort Portal. Kama uliombwa rushwa, hilo ni la ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali, yaani IGG. Kwa msaada wa sheria, uliza kuhusu Refugee Law Project au mradi wa msaada wa sheria wa chama cha wanasheria wa Uganda.

Popote utakapokwenda, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: karatasi inasema nini? Ukiweza kujibu "imeandikwa impounded, tarehe fulani, kwa sababu ya bima", utaelekezwa dirisha la kulipia. Ukijibu "imeandikwa seized, na leo ni siku ya 12", utasaidiwa kuandika dai kabla mwezi haujaisha. Ukijibu tu "wamekamata", mtaanza na safari ya kutafuta ni nani aliyechukua, na siku zitaendelea kuhesabiwa.